Maisha ya chomboni

Maisha ya chomboni ni namna ya kuishi ambapo mtu huacha nyumba ya nchi kavu na kufanya chombo cha tanga kuwa makazi yake, kwa msimu au kwa miaka. Katika pwani ya Waswahili yalitokana na biashara ya pepo za msimu: majahazi ya Oman, Kuwait na Ghuba yalishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Mabaharia walilala sitahani, wakapika kwa kuni ndani ya sanduku lililojazwa mchanga. Choo kilining'inia nje ya tezi, na kukumba maji ya ngama kulikuwa kazi isiyoisha. Alan Villiers wa Australia aliyaandika maisha hayo kwa undani adimu baada ya kusafiri mwaka 1938–1939 na nahodha Ali bin Nasr al-Najdi wa Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji.

Kuhamia baharini kwa hiari, bila biashara, ni jambo la karibuni zaidi. Mfaransa Bernard Moitessier mwaka 1969 aliyaacha mashindano ya kuzunguka dunia na kuendelea hadi Tahiti. Mashua za wakazi wa namna hiyo hutia nanga Kilifi, Kenya.

Bara, mfano wa karibu wa kuacha makazi namna hii ni ronjo, kambi za muda za wafugaji Wamaasai wa Soitsambu, wilayani Ngorongoro. Tofauti na aliyehamia baharini ni kubwa: mfugaji aliye ronjo huacha boma na jamaa wakimngoja.