Kilwa Katika Hati Tatu

Kila anayesimulia mwanzo wa usultani wa Kilwa hufika kwenye nguo. Mgeni kutoka Shirazi anatia nanga, anakipenda kisiwa, na mwenyeji anamwambia kwamba bei yake ni nguo. Nguo zinatolewa, mwenyeji anavuka kwenda bara, na ukoo mpya unashika nchi. Hapo wasimulizi wote wako pamoja. Waulize sasa mgeni huyo alikuwa mtoto wa nani, alikuja na merikebu ngapi, alifika mwaka gani, na mwenyeji alitendewa nini baada ya kupokea nguo zake. Kila mmoja atashika njia yake.

Habari hizo zimetufikia kwa hati tatu. Ya kwanza ni ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa. Ilitungwa karne ya 16 na mtu ambaye hakutaja jina lake, lakini alitaja mwaka wake wa kuzaliwa: 904 wa Hijra, yaani 1499. Nakala tunayoitegemea ilinakiliwa Unguja mwaka 1877, enzi za Sayyid Barghash, ikafika London kupitia kwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Unguja. Arthur Strong akaichapisha mwaka 1895. Mtunzi aliahidi sura kumi. Nakala ina saba tu.

Ya pili ni ya Kireno. João de Barros alikuwa ofisa wa serikali mjini Lisbon, katika idara iliyosimamia biashara ya India, na barua na hati za mabaharia zilipita mikononi mwake. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Kilwa. Mwaka 1552 alitoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya Wareno huko Asia, na humo akaeleza asili ya wafalme wa Kilwa. Anasema wazi kwamba alichota katika tarikhi ya wafalme hao. Tarikhi hiyo hatunayo. Huenda ilichukuliwa na Wareno baada ya kuuteka mji mwaka 1505, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba yeye na mtunzi wa Kiarabu walichota katika kisima kimoja cha zamani, kila mmoja kwa wakati wake.

Ya tatu ni ya Kiswahili. Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Wajerumani Afrika Mashariki kabla ya kwenda kufundisha Kiswahili Berlin, aliikusanya kutoka kwa watu wa pwani na kuichapa mwaka 1907 katika kitabu chake cha nathari na mashairi ya Waswahili. Katika vitabu vya historia hii ndiyo hupewa nafasi ndogo kuliko zote. Ilichelewa kuandikwa, haina tarehe, na ilitoka midomoni mwa watu, basi ikahesabiwa hadithi. Kuipuuza namna hiyo kumetugharimu.

Ziweke sasa ubavu kwa ubavu.

Hati ya Kiarabu inaanza na ndoto. Mfalme wa Shirazi anamwona panya mwenye mdomo wa chuma akizitafuna kuta za mji. Anaelewa kwamba nchi yake itaangamia, anawakusanya wanawe sita, na wote wanaondoka kwa merikebu saba. Kila merikebu inatua mahali pake: mmoja Mombasa, mmoja Pemba, mmoja Kilwa, mmoja Nzwani katika Komoro. Barros hana panya wala ndoto. Kwake kuna ndugu saba waliofiwa na baba, na mmoja wao, Ali, anadharauliwa na wenzake kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Ali anaondoka Hormuz na merikebu mbili tu. Anapita Mogadishu na Barawa, anawakuta watu wa madhehebu tofauti na yake, hataki kuwa chini yao, anasonga kusini mpaka Kilwa.

Tofauti hii inasema mengi. Katika hati ya Kiarabu, miji ya pwani ni ndugu wa baba mmoja, waliotoka siku moja, na hakuna aliye mdogo wa mwenzake. Mtunzi aliandika wakati Kilwa imeshavunjwa nguvu, na kwa mji ulioanguka ilikuwa faraja kukumbuka udugu huo. Katika Barros, Kilwa imeanzishwa na mtu mmoja aliyekataliwa, mwenye damu ya Afrika upande wa mama kabla hajaiona pwani hii. Haielekei kwamba mtu wa Lisbon alijitungia habari kama hiyo. Lazima ilikuwamo katika hati aliyoitumia, na ikiwa ilikuwamo, basi kuna mtu wa Kilwa aliyeiacha baadaye.

Kuhusu mwenyeji, hati ya Kiarabu inasema mgeni alimkuta kisiwani Mwislamu mmoja na familia yake, na msikiti ulikuwapo tayari. Mwenye nchi hakuwa Mwislamu. Alikuwa bara akiwinda. Aliporudi akakubali kuuza kwa nguo za rangi za kukizunguka kisiwa. Moyoni alikusudia kurudi siku nyingine na kuwaua wageni, kwani wakati huo maji yakipwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Mgeni akauchimba mkondo, na kisiwa kikawa kisiwa kweli. Hati ya Kiswahili inamjua mwenyeji huyo kwa jina: Mrimba. Nguo zinazunguka kisiwa humo pia, lakini kabla yake kuna jambo ambalo zile nyingine mbili hazilisemi. Mgeni, anayeitwa hapa Ali bin Selimani, anaoa binti wa Mrimba. Kivuko kinafungwa kwa sadaka na kisomo cha Kurani, bila jembe. Na mtoto wa ndoa ile, mjukuu wa Mrimba, ndiye anayekuja kurithi nchi.

Kwa hiyo hata jina la baba wa sultani wa kwanza haliko sawa katika hati hizi. Mwaka nao vilevile. Hati ya Kiarabu inataja katikati ya karne ya tatu ya Hijra, yaani miaka ya 860 hivi. Barros anasema ni muda kidogo baada ya mwaka 400 wa Hijra, na mwaka huo unaangukia 1009 na 1010. Kati yao kuna karne moja na nusu.

Mwanachuoni wa zamani wa Lamu au Unguja angejua la kufanya. Katika elimu ya Kiislamu, kazi ya kunakili haikuisha kalamu ilipowekwa chini. Ilibaki mukabala: nakala inasomwa mbele ya asili, neno kwa neno, na penye tofauti mnakili anaandika pembeni kwamba nakala nyingine ina hivi. Maandishi ya katikati hayaguswi. Msomaji anayekuja baadaye anaziona kauli zote mbili na kuamua mwenyewe.

Wanahistoria wa karne ya 20 walifuata njia nyingine. G. S. P. Freeman-Grenville, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu pwani ya Tanganyika, alizichukua orodha mbili za masultani, ya Kiarabu na ya Barros, akaziunganisha ziwe moja. Jina lililokosekana huku lilijazwa kutoka kule. Miaka ya utawala ikajumlishwa, sarafu zikapangwa kando ya majina. Kazi yenyewe ilihitaji subira na ujuzi mkubwa, na bila yeye wengi wasingezijua hati hizi kabisa. Lakini orodha iliyotoka ilikuwa laini mno. Sultani wa kwanza alipewa mwaka 957 hivi, mwaka ambao haumo katika hati ya Kiarabu wala katika Barros. Ulizaliwa na hesabu ya kuzioanisha. Ukanakiliwa kitabu baada ya kitabu, na wengi walioukuta hawakujua kwamba kulikuwa na mshono.

Mshono huo ulifumuliwa na jembe la mwanaakiolojia. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani kwa misimu kadhaa miaka ya 1960. Aligundua kwamba watu waliishi pale tangu karne ya tisa hivi, wakifinyanga vyungu vyao na kuyeyusha chuma, kabla ya dalili yoyote ya ukoo wa Kishirazi. Sarafu za shaba zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayehesabiwa kuwa sultani wa kwanza, alizikuta katika tabaka za baadaye sana. Mwaka 1965 akaandika kwamba ukoo huo ulianza mwishoni mwa karne ya 12. Sultani akasogezwa mbele zaidi ya miaka 200.

Kisha, mwaka 1984, ikapatikana hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za nchi za nje, ya mwisho kati yake ikiwa ya mwaka 1066 hivi. Miongoni mwa majina yaliyogongwa kwenye fedha zile limo la Ali bin al-Hasan. Ikiwa ni Ali yule yule, basi aliishi karne ya 11, na Chittick naye alikuwa amemsogeza mno. Ukirudi kwa Barros, muda kidogo baada ya mwaka 400 wa Hijra, unakuta kwamba kauli iliyokuwa imemezwa ndani ya orodha ya pamoja ndiyo iliyo karibu zaidi na fedha za Mtambwe.

Hati ya Kiarabu nayo ina pake inapoaminika kuliko wenzake. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, amesifiwa humo, na sifa hiyo ina mashahidi wengine. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta kwenye kiti na kulitaja jina lake hilo la ukarimu. Chittick alipata jina lake limechongwa kwenye jiwe katika kasri ya Husuni Kubwa. Sarafu yake moja imeokotwa mbali sana, kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, katika nchi iliyotoa dhahabu iliyoifikisha Kilwa kwenye utajiri wake. Jinsi Kilwa ilivyoipata njia ya dhahabu hiyo, Barros anaeleza kwa kisa cha mvuvi: samaki mkubwa alinasa kwenye ndoana, akaikokota mashua mpaka Sofala, na huko mvuvi akakuta merikebu ya Mogadishu ikifanya biashara ya dhahabu. Akarudi kumwambia mfalme wake.

Zinapofika kwa Wareno wenyewe, hati mbili haziwezi kuunganishwa hata kwa nguvu. Mtunzi wa Kiarabu alikuwa mtoto wa miaka sita Francisco de Almeida alipoiteka Kilwa, Julai 1505. Anaandika kwamba merikebu za Wareno zilipoonekana mara ya kwanza, wapo waliofurahi, lakini wenye kujua walitambua kwamba hao ni wapelelezi waliokuja kuitazama nchi ili wainyang'anye. Anawaombea laana. Barros anaona jambo lile lile kama ujio wa haki: Vasco da Gama mwaka 1502 alimtoza Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kodi ya dhahabu, Almeida akamwondoa kwa kutolipa, akamtawaza Muhammad Ankoni, rafiki mwaminifu wa Ureno. Dhahabu ya kodi ile ipo mpaka leo. Fundi Gil Vicente aliitumia kutengeneza chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, na kinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la taifa la sanaa mjini Lisbon. Ankoni aliuawa mwaka huo huo wa 1506. Wareno wakaiacha ngome yao mwaka 1512.

Ni sentensi gani ya pamoja ingeweza kuyabeba hayo? Mwandishi anayetafuta wastani ataandika kwamba mwaka 1505 Kilwa ilikuja chini ya himaya ya Ureno, na atakuwa amemfuta mtoto yule wa miaka sita. Toleo linalohitajiwa na Kilwa ni la safu tatu katika ukurasa mmoja, Kiarabu, Kireno na Kiswahili, mbili za kwanza zikiwa na tafsiri ya Kiswahili, na pembeni tofauti zake zimeandikwa kwa mtindo wa mukabala. Kwa sasa msomaji wa Kilwa Masoko anayetaka kuzilinganisha habari za kisiwa anachokiona ng'ambo ya maji analazimika kupitia Kiingereza. Hilo linauma, na linaweza kurekebishwa.

Safu ya tatu ina haki yake hapo kwa sababu mpya kabisa. Mwezi Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka ya 1250 na 1800 katika miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwamo, pamoja na mji mmoja wa bara. Wengi wao walikuwa na asili mbili: ya Afrika, iliyotoka zaidi upande wa akina mama, na ya Asia, hasa Uajemi, iliyotoka zaidi upande wa akina baba. Mchanganyiko ulianza mnamo mwaka 1000.

Kati ya hati tatu, ni ya Velten inayosema kwamba kisiwa kilishikwa kwa ndoa, na kwamba mrithi alikuwa mtoto wa mwanamke wa pale pale. Vinasaba haviwezi kuthibitisha kwamba kulikuwa na mtu aitwaye Mrimba. Tena makaburi mengi yaliyochunguzwa yako karibu na misikiti na ni ya watu wenye uwezo, kwa hiyo wavuvi na wakulima wa miji ile hawajasikika vya kutosha. Lakini wazee waliomsimulia Velten walilihifadhi jambo ambalo mtunzi wa Kiarabu na Barros, kila mmoja kwa sababu zake, hawakuliandika: kwamba binti wa Mrimba alikuwamo katika msingi wa usultani sawasawa na nguo.