Kijindege cha plastiki kilichofika mpaka bungeni Marekani

Wadau, kuna watu starehe yao ni kuunganisha vijindege vya plastiki. Unanunua boksi, unatoa vipande, unabandika kwa gundi, unapiga rangi. Kawaida ndege yenyewe ipo na picha zake zipo. Lakini mwaka 1986 kampuni ya Testors ya Marekani iliingiza sokoni boksi la ndege ya kivita ambayo wananchi hawajawahi kuonyeshwa hata picha yake. Wakaiita F-19.

Ilianzaje? Mwaka 1980 waziri wa ulinzi wa nchi hiyo alitangaza kwamba wana teknolojia ya ndege za kukwepa rada. Akaishia hapo. Wapenzi wa ndege wakaanza kuhesabu: F-18 ipo, halafu ghafla F-20. Sasa 19 iko wapi? Mbunifu mmoja wa Testors akakusanya yaliyokwisha andikwa kuhusu rada, akachora ndege laini ya mviringo, mapezi mawili ya nyuma yameinamia ndani. Kipimo 1/48, yaani mita moja ya ndege inakuwa kama sentimita mbili mezani.

Boksi likauzwa kama njugu! Kijindege kikatua mpaka bungeni Washington, mbunge mmoja akalalamika kwamba kitu ambacho yeye haruhusiwi kukiona, watoto wanakinunua dukani. Na wakubwa wa jeshi wangejibu nini? Ukisema "haiko hivyo," umeshakiri kwamba ipo.

Na kweli ilikuwepo. Tangu 1981 ndege halisi ilikuwa inaruka kwa siri huko Nevada. Julai 1986 moja ilianguka California, rubani akafariki, askari wakalizingira eneo. Kwa hiyo mchezo wa dukani ulikuwa na siri nzito nyuma yake.

Novemba 1988 ndipo picha ikatolewa. Jina siyo F-19, ni F-117. Na umbo? Tofauti kabisa: bapa tupu, kona kali, kama karatasi iliyokunjwa. Sababu ni kwamba kompyuta za miaka ya 1970 ziliweza kupiga hesabu ya mawimbi ya rada yakigonga bapa, lakini mviringo uliwashinda. Tena msingi wa hesabu hizo ulitoka kwa mwanafizikia wa Kisovieti, ambaye kazi yake ilichapishwa wazi kule Moscow mwaka 1962. Adui mwenyewe!

Je, mbunifu wetu alikosea? Kwa F-117, ndiyo. Ila mwezi huohuo wa Novemba Marekani ikaonyesha B-2, ndege nyingine ya kukwepa rada, na hiyo ilikuwa laini, ya mviringo. Jamaa hakuwa amebahatisha tu.

Haya wadau, mnaonaje: mbunifu alikuwa na haki ya kuuza lile boksi, au angenyamaza?