Askari wa Keya na Asili ya Ushirika Wetu



Chama chetu kimetimiza miaka kumi. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma hesabu ya kahawa iliyopokelewa viwandani, malipo yaliyotolewa, na majina ya waliotuongoza. Sisi tumeombwa kuandika habari za asili. Wako wanaodhani kwamba asili ya chama ni siku ile kilipoandikishwa kwa sheria, lakini hakuna mkulima anayeanza kuhesabu umri wa mbuni siku ya kuchuma. Twaona kwamba ushirika katika nchi yetu ya Ukambani ulianza zamani, nao uliletwa na watu wa namna mbili: akina mama waliolima kwa mwethya, yaani leo shamba lako na kesho shamba langu, na askari wa Keya waliorudi kutoka vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Askari hao wamekwisha karibu wote. Ndiyo sababu tumeonelea vema habari zao ziandikwe leo, kabla hazijazikwa pamoja nao.

Hatuna budi kuanza na mwaka 1938. Mwaka huo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wazee wetu kuuza ng'ombe wao, ikisema kwamba mifugo imezidi na ardhi inachukuliwa na maji. Ni kweli ardhi ilikuwa ikichukuliwa na maji. Lakini watu waliona kwamba dawa ile ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Wakaondoka kwa mamia, wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana asikilize shauri lao. Muindi akahamishwa, akapelekwa Lamu. Walakini kabla mwaka haujaisha serikali ililegeza amri ile. Mwaka uliofuata vita vikazuka Ulaya, na serikali ile ile iliyochukua ng'ombe ikaja kutafuta vijana.

Vijana walikwenda. Wengine walikwenda kwa hiari, wakitafuta mshahara; wengine walitolewa na machifu bila kuulizwa. Kutoka Kenya nzima walifika karibu watu 98,000. Si wote walioshika bunduki. Walikuwako madereva, wapishi, wauguzi, wapeleka simu, na wachimbaji wa barabara. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakavuka bahari kwenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakafika Burma, nchi iitwayo leo Myanmar. Tarehe 12 Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wengi hawana kaburi isipokuwa bahari.

Huko Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika makubwa. Njia ziligeuka matope, magari yakakwama, na chakula kikawa kinaangushwa kutoka angani kwa ndege. Mwezi wa Desemba 1944 walifika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100. Wazee wetu hawakuchoka kulitaja daraja lile. Walipotaka kumfundisha kijana maana ya kazi ya pamoja, hawakumwambia habari za kuua. Walimwambia habari za daraja.

Wakati wote huo mashamba hayakulala. Yalilimwa na wake zao na mama zao. Tukisifu askari bila kuwataja akina mama hao, tutakuwa tumesifu paa na kusahau nguzo.

Vita vilipokwisha, askari walirudi na mambo ambayo hawakuondoka nayo. Walikuwa wamelala hema moja na watu wa makabila mengi, wakisema Kiswahili kile cha Keya ambacho walimu walikicheka lakini kila mtu alikielewa. Wengi walijifunza kusoma jeshini, na siku ya soko walikuwa wakiwasomea wenzao gazeti la Baraza. Walizoea foleni, walizoea kuitwa kwa jina na kuitikia, na walizoea kumwamini mtu asiyekuwa wa ukoo wao.

Walirudi pia na uchungu. Kiinua mgongo walichopewa hakikuhesabiwa kwa cheo na muda wa kazi tu. Kilihesabiwa na kwa rangi ya ngozi. Hati za wakati ule, zilizotangazwa na waandishi wa habari mwaka 2019, zaonyesha kwamba Mzungu aliweza kupata hata mara tatu ya malipo ya Mwafrika mwenye cheo kama chake. Wazee wetu hawakungoja hati hizo. Walilijua jambo hilo tangu siku walipopanga mstari mbele ya meza ya mlipaji.

Katika upande wetu askari hao walifanya kikundi chao. Hakikuwa chama kikubwa, wala hakikuwa na nyumba. Walikutana siku ya soko, chini ya mti, wengine wakiwa wamevaa makoti yao ya jeshi hata wakati wa jua kali. Kazi zao zilikuwa za kawaida: kumzika mwenzao kwa heshima, kumsaidia mjane wake palizi ya kwanza, kumwandikia barua asiyejua kuandika, na kupatanisha waliogombana. Walikuwa na daftari moja la majina. Mwenzao alipofariki, jina lake lilipigwa mstari mmoja mwembamba, lisifutike, na mjane wake akaalikwa kukaa mkutanoni mahali pake.

Kama ilivyokuwa mahali pengi Kenya siku zile, nao walichanga viinua mgongo vyao wafanye biashara. Walinunua lori kuukuu. Wakati huo magari yalikuwa haba na ghali, na leseni zilikuwa ngumu kwa Mwafrika kuzipata; lakini hatutaki kuwalaumu wengine peke yao. Fedha zilikaa mkononi mwa mtu mmoja, naye hakuandika. Hatusemi aliiba, hata wenzake hawakuweza kusema hivyo kwa hakika, na ndiyo iliyokuwa taabu yenyewe. Lori lilipovunjika, hapakuwa na fedha ya kulitengeneza, wala karatasi ya kuonyesha fedha zimekwenda wapi. Waliotoroka risasi Burma wakapoteza jasho lao la miaka mitano katika soko la nyumbani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Waliketi siku nzima wakilijadili jambo hilo. Walikataa kumpeleka mwenzao mahakamani, na walikataa vilevile kunyamaza. Wakaweka masharti matatu: fedha zisishikwe na mtu mmoja, kila senti iandikwe mbele ya mashahidi wawili, na daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, hata wasiojua kusoma wasikie. Ndugu wanachama, mkitazama masharti ya chama chetu cha leo, mtayakuta masharti hayo matatu humo, yamevaa nguo mpya tu.

Jambo la pili walilotuachia ni matuta. Baada ya vita serikali iliamuru watu wachimbe matuta kwa nguvu, na watu wakayachukia, kwa kuwa kazi ya shuruti haina mwenyewe. Lakini walikuwako wakulima wachache, na miongoni mwao askari waliokuwa wameona huko India milima iliyolimwa kwa ngazi, ambao walianza kutengeneza matuta mapana katika mashamba yao wenyewe. Walichimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu. Ndiyo njia iitwayo hata leo fanya juu. Majirani waliona maji yakisimama na mahindi yakistawi, ndipo wakaiga bila kuamriwa. Vikundi vya mwethya vikachukua majembe, na wengi waliochimba walikuwa akina mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wakamba waliporuhusiwa kupanda kahawa, sharti moja lilikuwa shamba liwe na matuta ya ngazi. Waliokuwa wameyachimba walikuwa tayari.

Nayo sheria ilikuwa imefungua mlango. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1945 iliwapa wakulima Waafrika wa Kenya njia ya kuandikisha vyama vyao. Ilitolewa mwaka ule ule vita vilipokwisha. Vyama vya kahawa vilipoanza kutafuta makarani, wapima mizani na walinzi wa hazina, mara nyingi mtu aliyejua kuandika orodha na kusimama mahali pake bila kuyumba alikuwa askari wa zamani.

Sasa twataka kusema jambo la karibu zaidi. Wengi wenu mwakumbuka mkutano mkuu ule ambao uliletewa shauri kwamba, fedha zinapochelewa, wenye mibuni mingi walipwe kwanza, na wenye mibuni michache wangoje awamu ya pili. Shauri lilielezwa kwa maneno mazuri. Lilisemwa kuwa wakubwa ndio wanaobeba chama, na kwamba wakiondoka kiwanda kitafungwa. Mikono ilikuwa karibu kuinuliwa. Ndipo akasimama mama mmoja, mwanachama mwenye mibuni isiyofika hamsini, binti wa askari wa Keya. Hakusema maneno mengi. Alisema: "Baba yangu alipigana vita vile vile na kulala katika matope yale yale, kisha mezani akapimiwa kwa kipimo kingine. Hakusahau mpaka tulipomzika. Je, nasi twataka meza mbili?" Akaketi.

Shauri lilianguka. Kila mwanachama alilipwa sehemu sawa kwa kila kilo, kidogo kidogo, mpaka deni likaisha. Wakubwa wawili au watatu walikasirika kwa muda, lakini hakuna aliyeondoka. Twaamini kwamba siku hiyo, kuliko siku ya kuandikishwa, ndiyo chama chetu kilipozaliwa.

Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa karibu pauni milioni 12 kwa askari wa zamani na wajane walio maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola. Kwa waliokuwa hai ulikuwa msaada wa chakula, nao tunaushukuru. Lakini askari wa mwisho katika kata yetu alikuwa amekwisha kuzikwa. Haki iliyochelewa miaka zaidi ya 70 huwakuta wengi hawapo. Basi tusiwacheleweshe wenzetu haki iliyo mikononi mwetu wenyewe.

Daftari lile la majina limehifadhiwa katika ofisi ya chama. Twawaomba wanachama wote, na hasa vijana, mfike mlitazame. Humo hamna picha wala sifa. Kuna majina tu, na karibu kila jina limepigwa mstari mwembamba. Kisha tokeni nje mtazame mizani, mhakikishe kwamba yapima sawasawa kwa kila anayeweka gunia lake. Tukiilinda mizani hiyo miaka kumi mingine, tutakuwa tumewalipa askari wetu sehemu ya deni ambalo hakuna serikali iliyolilipa.