Fahari na zege: wapiga picha wa Romania katika njia za wahamaji

Kila Agosti, barabara ya kijiji cha Certeze hujaa magari yenye namba za Ufaransa. Kijiji kiko katika eneo la Oaș, kaskazini-magharibi mwa Romania, jirani na mpaka wa Ukraine. Kando ya barabara hiyo yamepangana majumba ya ghorofa mbili na tatu, yenye roshani, nguzo na vioo, na mengi hayana mtu wa kulala ndani yake. Wenyewe wako Paris na vitongoji vyake, wanaume kwenye ujenzi, wanawake wakisafisha nyumba za watu. Hurudi wiki chache za kiangazi, wakaoza watoto wao kwa harusi kubwa, wakaongeza ghorofa, kisha wakafunga milango. Wazee wanaobaki mara nyingi huishi katika kijumba cha nyuma, kwa sababu vyumba vya mbele vimewekwa kwa ajili ya wageni na macho ya majirani.

Mwaka 2010, mpiga picha Petruț Călinescu na mwenzake Ioana Hodoiu walianza kufuatilia maisha hayo. Kazi yao waliiita Mândrie și Beton, yaani Fahari na Zege. Walirudi Oaș tena na tena, wakaingia harusini, wakakaa na wazee, na wakawafuata wanakijiji hadi Paris wanakofanya kazi. Hapo ndipo ilipo nguvu ya picha hizo. Ukiliona jumba peke yake utalicheka, na mjini wapo wengi waliolicheka. Ukishamwona mwenye jumba akiwa kibarua ugenini, kicheko kinakauka. Tena ushindani wa kujenga haukuanzia Paris. Tangu enzi za ukomunisti wanaume wa Oaș walikuwa wakitoka kwa msimu kwenda kufyeka misitu katika mikoa mingine ya nchi, na pesa waliyorudi nayo iliingia kwenye nyumba.

Utaratibu huu wa kukaa na watu kabla ya kuwapiga picha una mizizi mirefu Romania. Mwishoni mwa miaka ya 1920, mwanasosholojia Dimitrie Gusti alikuwa akipeleka vijijini makundi ya watafiti, vijiji kama Fundu Moldovei mwaka 1928 na Drăguș mwaka 1929. Pamoja nao alikwenda Iosif Berman, mpiga picha wa magazeti wa Bucharest. Berman aliwapiga picha wakulima jinsi walivyokuwa, wakiwa kazini na katika sherehe, bila kuwavika mavazi ya maonyesho. Alikuwa Myahudi, na alifariki mwaka 1941, wakati ubaguzi dhidi ya Wayahudi ulikuwa umekwisha kumfungia milango ya kazi yake.

Kisha ikaja serikali ya kikomunisti iliyotaka picha za viwanda, mavuno na kiongozi anayeshangiliwa. Foleni ya mkate haikuwa na nafasi gazetini. Msanifu majengo Andrei Pandele alizipiga foleni hizo kwa siri katika miaka ya 1980, pamoja na makanisa na mitaa ya Bucharest iliyokuwa ikibomolewa ili Ceaușescu, mtawala wa nchi, apate kujenga kasri lake. Umma ulikuja kuziona nyingi kati yake katika kitabu chake cha mwaka 2007, miaka 17 na zaidi baada ya utawala ule kuanguka.

Ombwe hilo la picha lilijazwa na wageni. Mara baada ya mapinduzi ya Desemba 1989, wapiga picha wa Magharibi walimiminika Romania, na picha za watoto waliotelekezwa katika vituo vya yatima zikaenea duniani. Zilikuwa za kweli, na ziliokoa maisha ya watoto. Lakini kwa miaka mingi nchi nzima ilitambulika kwa sura hiyo moja, na aliyeishika kamera alikuwa na tiketi ya kurudi kwao.

Wakati huo huo Waromania wenyewe walikuwa wakiondoka. Wasaksoni wa Transilvania, raia wenye asili ya Kijerumani waliokuwa wamekaa huko karne nyingi, walihamia Ujerumani kwa makumi ya maelfu katika mwaka 1990 pekee. Januari 2002 Waromania waliruhusiwa kuingia nchi za Schengen bila viza, na Januari 2007 nchi yao ikajiunga na Umoja wa Ulaya. Sensa ya 1992 ilihesabu watu milioni 22.8, ya 2021 ilihesabu milioni 19 tu. Uzazi pia ulishuka, lakini mamilioni walikuwa Italia, Hispania, Ujerumani na Uingereza.

Kuondoka ni jambo gumu kulipiga picha. Basi likishaondoka stendi, kinachobaki mbele ya kamera ni pengo, na kila mmoja wa kizazi hiki cha wapiga picha alitafuta namna yake ya kulionyesha. Ioana Cîrlig aliacha kazi ya gazeti Bucharest mwaka 2012, akahamia na Marin Raica katika miji ya migodi: kwanza Brad, mji wa dhahabu, kisha Petrila katika bonde la Jiu, ambako mgodi wa makaa ya mawe ulifungwa mwaka 2015. Picha zao zinaonyesha vijana wanaokua katika mji ambao kazi yake imekwisha. Mtengeneza filamu Teodora Ana Mihai yeye aliingia katika nyumba moja mjini Bacău. Filamu yake ya mwaka 2014, Waiting for August, inamfuata binti wa miaka 15 anayewalea wadogo zake huku mama yao akifanya kazi Torino. Sidhani kuna takwimu inayoweza kumweleza msichana yule.

Elena Stancu, mwandishi, na Cosmin Bumbuț, mpiga picha, walikwenda mbali zaidi. Tangu 2013 wanaishi ndani ya gari waliloligeuza nyumba, na kuanzia 2019 wamekuwa wakizunguka Ulaya Magharibi wakikaa na Waromania wanaofanya kazi huko. Kwa mtu anayelala kitanda cha kampuni na kuamka alfajiri, mgeni aliyeegesha gari lake jirani na kukaa muda mrefu si mtu wa kumwogopa.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana Aprili 2020. Ulaya ilikuwa imejifungia kwa ajili ya korona, lakini uwanja wa ndege wa Cluj ulifurika vibarua wanaosubiri ndege za kwenda kuvuna asparaga Ujerumani. Picha za msongamano ule zilisambaa kwa saa chache, na wengi walishtuka kana kwamba watu hao wamezuka siku hiyo. Waliokuwa wakifuatilia kazi za wapiga picha hawa walikwisha kuwaona.

Sasa njia inapitika pande zote mbili. Kuanzia 2022 hadi 2025 serikali ya Romania iliweka nafasi 100,000 kwa mwaka kwa wafanyakazi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na Wanepali, Wasri Lanka na Wabangladeshi wako kwenye majengo ya Bucharest na kwenye baiskeli za kupeleka chakula, wakishika kazi zilizoachwa na walioondoka. Nao wanatuma pesa nyumbani, na nyumba zao zinajengwa mbali na macho yao. Kamera za Romania zimeanza kuwageukia, na safari hii mwenyeji ndiye anayemtazama mgeni.