Kodi Kabla ya Paa: Hesabu za Makazi kati ya Tabora na Ulyankulu

Mwanzoni mwa 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Zanzibar akitafuta jibu la swali moja: msafara wa watu mia moja utakula nini, na kwa gharama gani, mpaka ufike bara na kurudi? Wafanyabiashara wa Kizungu waliokuwa pale hawakumfaa kitu. Aliyemfaa ni Sheikh Hashid, mtu aliyeijua njia ya bara kwa biashara zake. Doti 10 za nguo kwa siku, yaani yadi 40, zinatosha kuwalisha watu 100, alimwambia. Basi kwa mwaka zinatakiwa doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi. Ukizijumlisha unapata 3,650, doti kumi kwa kila siku ya mwaka bila kupungua hata moja. Stanley alizidisha mara mbili ili hesabu ifike miaka miwili, kisha akaongeza ushanga na waya.

Katika hesabu hiyo iliyopangwa kwa uangalifu mkubwa, hakuna fungu la kodi ya nyumba. Njiani watu walilala kwenye mahema, kambini, au katika vijiji vya Wanyamwezi. Vijiji hivyo vilikuwa na iwanza, nyumba ya wanaume ya kukaa na kuzungumza, na mara nyingi huko ndiko wageni walikofikia kwanza. Tabora, ambayo siku hizo iliitwa zaidi Kazeh au Unyanyembe, mgeni alipewa nyumba na wenyeji wake. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, wakapewa tembe lililokuwa tupu. Speke aliporudi na mwenzake Grant mwaka 1861 alikaribishwa kwa Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa ameishi Unyamwezi miaka mingi. Stanley naye, Juni 1871, alipewa tembe Kwihara, nje kidogo ya mji.

Nyumba zilikuwa za bure, lakini kukaa hakukuwa bure. Mgeni alitoa zawadi, alinunua nafaka kwa nguo, na kila siku msafara uliokaa bila kusonga mbele ulikula posho ileile. Stanley alikaa Kwihara karibu miezi mitatu. Kwa kipimo cha Sheikh Hashid, kama angekuwa na watu wote mia moja, muda huo ungemla karibu doti 900, robo nzima ya nguo za mwaka, akiwa chini ya paa asilolipia hata shuka moja.

Tembe lenyewe lilistahili kuheshimiwa. Kuta nene za udongo, paa bapa la miti iliyopangwa kwa karibu na kufunikwa udongo juu, baraza mbele ambapo wageni walikaa kwenye mikeka, na ndani ua uliozungukwa na vyumba. Vyumba hivyo havikuwa vya kulala tu. Humo ndimo zilimohifadhiwa pembe za ndovu, mitumba ya nguo na ushanga, maana nyumba ilikuwa pia ghala na benki ya mwenyewe. Leo Kwihara kuna makumbusho yenye jina la Livingstone, mmisionari ambaye Stanley alikuja kumtafuta, aliyekaa hapo kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Mzee huyo alijua vizuri maana ya bajeti kuvunjika: bidhaa alizotumiwa Ujiji ziliuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzitunza, akabaki hana kitu.

Ulyankulu iliingia katika hesabu hizi kwa moto. Mwaka huohuo wa 1871 Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, aliifunga njia ya Ujiji, na Waarabu wa Tabora wakaamua kumpiga. Ulyankulu ilikuwa upande wake, na vitabu vya wakati ule vinaiandika Wilyankuru. Mwezi Agosti Soud bin Said aliivamia na watu wapatao 500, akaiteka, na kikosi chake kikaanza kurudi na pembe na mateka. Mirambo aliwavizia njiani katika nyasi ndefu akawaua wengi, Soud mwenyewe akiwamo. Kisha, tarehe 22 Agosti, wapiganaji wake waliingia Tabora, wakaichoma sehemu kubwa na kumuua Khamis bin Abdullah. Kule Kwihara, Stanley aliwaamuru watu wake watoboe matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe. Nyumba ya kupewa ikageuka ngome kwa usiku mmoja.

Baada ya hapo hakuna mfanyabiashara aliyepanga safari ya kwenda Ziwa Tanganyika bila kutenga fungu la Mirambo. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ilikuwa gharama ya kawaida katika njia yote, hasa Ugogo, lakini Mirambo aliifanya kuwa sehemu ya utawala: aliyekubaliana naye alipita na kulala salama. Alifariki Desemba 1884, na miaka michache baadaye Wajerumani walikuwa wameshaifikia Tabora.

Hao ndio waliotia bei kwenye paa lenyewe. Kodi ya nyumba ilitangazwa mwaka 1897 na kuanza kutozwa 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Mnyamwezi aliyejijengea kwa miti na udongo wa porini, bila kumlipa mtu, sasa alidaiwa kwa kuwa na pa kulala. Ilimbidi auze mazao au aende kufanya kazi ya ujira. Waingereza waliendeleza mtindo huo kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya 1922. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo lilibadilisha maisha ya watu wa bara kuliko vita vyote vya Mirambo. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912, ikaleta makarani na mafundi wasio na shamba wala ukoo mjini. Kwao chumba cha kupanga kilikuwa lazima.

Ulyankulu ilibaki msitu wa miombo kwa muda mrefu baada ya hapo. Mwaka 1972 ikawa makazi ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi. Walifyeka pori, wakagawiwa mashamba kando ya barabara zilizopewa namba badala ya majina, na namba hizo zimedumu: nchi nzima inaifahamu Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13. Ardhi haikuwa na kodi. Gharama yake ilikuwa jasho, na kibali cha kutoka nje ya makazi. Watu walipozidi ardhi, maelfu walihamishiwa Mishamo kuanzia 1978, wakaacha nyumba walizojenga kwa mikono yao.

Kisha ukaja mtihani mgumu zaidi. Serikali ilifungua mlango wa uraia mwaka 2007, na kufikia 2010 zaidi ya watu 162,000 wa makazi matatu, Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walikuwa wamekubaliwa. Lakini mpango wa kwanza ulitaka raia hao wapya wahamie mikoa mingine na makazi yafungwe. Mtu aezeke bati, au aweke akiba ya kwenda kuanza upya asikokujua? Mpango ulisimamishwa, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa 2014. Kuwaweka watu katika mashaka hayo miaka yote ile ilikuwa dhuluma, hata kama mwisho wake ulikuwa mwema.

Sasa Ulyankulu, iliyo katika Wilaya ya Kaliua, nayo ina wapangaji: mwalimu aliyepangiwa shule, muuguzi, mwenye duka. Hesabu yao inafanana na ya Sheikh Hashid kwa jambo moja, kwamba fedha inatakiwa yote kabla ya safari. Tuseme chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akitaka miezi sita ni 180,000, na dalali akipita katikati huchukua kodi ya mwezi mmoja, jumla 210,000, kabla ya godoro na ndoo. Mshahara unakuja kwa mwezi. Mkulima wa tumbaku hupata fedha kwa msimu. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ya 1984, iliyokuwa na mabaraza ya kusikiliza wapangaji, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo suala la miezi mingapi ilipwe mbele limeachiwa makubaliano ya watu wawili ambao mmoja wao ndiye mwenye funguo.

Mijini limeongezeka fungu jingine dogo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 kuanzia 2023. Mdaiwa ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na mahali pa kuziandika ni kwenye mkataba, zipunguzwe katika kodi ya awamu inayofuata.