Nani Huhesabu Sauti? Kitale, Bungoma na Kura za Waimbaji

Bungoma na Trans Nzoia, miaka ya shufwa ndiyo miaka ya tohara ya Wabukusu. Agosti ikifika, vijana huzunguka kwa jamaa zao wakipiga njuga ziitwazo chinyimba, umati ukiwafuata kwa nyimbo. Hapo hakuna jaji wala karatasi ya alama. Mwimbishaji akianza kwa nguvu, watu humwitikia. Akilegea, mwingine hudaka wimbo na kuendelea nao. Wanaomhukumu ni wale wale wanaoimba naye, na hukumu haisubiri kesho.

Hukumu ya namna hiyo ilianza kupata wapinzani wakati wa ukoloni: mipaka na majaji. Reli ilifika Kitale, huko Trans Nzoia, mwaka 1926, na mashamba ya mahindi ya walowezi yakavuta vibarua wengi kutoka upande wa Bungoma. Baada ya uhuru, mipango ya makazi ikaongeza familia za Kibukusu huko. Litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, likawa linapigwa pande zote mbili, lakini serikali ilikuwa imeuchora mpaka wake: Kitale ikawa mji wa Mkoa wa Bonde la Ufa, Bungoma mji wa Mkoa wa Magharibi.

Mpaka huo ulikuja kuwa na uzito katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake huanzia mwaka 1927. Shule zilipanda ngazi kutoka mashinani hadi mkoa, kisha taifa. Kwaya ya Bungoma ilipaswa kuzishinda za Kakamega, Busia na Vihiga. Ya Kitale ilikabiliana na za Nakuru, Eldoret na Kericho. Kwaya mbili zenye wimbo mmoja wa Kibukusu, kutoka miji jirani, zilikutana fainali ya kitaifa tu, kama zote zilifika. Swali la haki lilikuwepo kabla mtu hajafungua kinywa: unashindanishwa na nani?

Hata hivyo tamasha lilikuwa na jambo moja zuri. Jaji hakuishia kutaja mshindi. Alisimama mbele ya watoto na walimu wao, akaeleza sauti ya tatu ilipopotea au ngoma ilipowazidi waimbaji, kisha akasoma alama. Mwalimu angeweza kurudi shuleni akinung'unika, lakini alijua alinung'unikia nini.

Umma nao ulikuwa na njia yake ya kujitokeza: kadi za salamu. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa redio ya taifa walinunua kadi dukani, wakaandika majina ya ndugu na marafiki, wakazipeleka posta na kungoja kusikia majina yao hewani. Vilabu vya salamu vikazuka, na baadhi ya wanachama wakajulikana nchi nzima bila kuonekana sura. Mwenye kununua kadi nyingi alisikika mara nyingi. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa salamu hazikuwa na mshindi.

Ila kwenye siasa, kuhesabiwa kuliacha kovu. Mwaka 1988, katika mchujo wa chama tawala, KANU, wapiga kura walipanga mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila uchaguzi mwingine. Kila mtu aliiona mistari kwa macho yake, na bado malalamiko yakazagaa nchini kwamba mifupi ilitangazwa kuishinda mirefu. Uwazi wa kupiga kura haukuzaa uwazi wa kutangaza matokeo.

Miaka 18 baadaye, Kenya ikapewa kura ya aina nyingine. Tusker Project Fame, shindano la uimbaji la televisheni, ilianza mwaka 2006 kwa udhamini wa kampuni ya bia, ikifuata mtindo uliotokea Uhispania mwaka 2001: washiriki, hapa wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki, wanafungiwa katika chuo cha muziki, majaji wanawakosoa, na watazamaji wanamwokoa wampendaye kwa ujumbe mfupi wa simu. Valerie Kimani wa Kenya akashinda msimu wa kwanza.

Ilidhaniwa kwamba Kenya, nchi yenye simu nyingi zaidi, ingetamba daima. Haikuwa hivyo. Mwaka 2008 alishinda Esther Nabaasa wa Uganda. 2009 Alpha Rwirangira wa Rwanda. 2010 Davis Ntare wa Uganda. Kenya ilisubiri hadi 2012, Ruth Matete alipotwaa taji, na mwaka uliofuata likaenda kwa Hope Irakoze wa Burundi. Katika misimu sita, Wakenya walishinda miwili. Hesabu yake si ngumu: nchi yenye washiriki watatu hugawa kura zake mara tatu, na nchi iliyobakiwa na mmoja humpa zote. Tena hakuna sheria iliyomkataza Mkenya kumpigia Mrwanda aliyeimba vizuri.

Dosari kubwa ilikuwa kwingine. Kura ilikuwa ujumbe, haikuwa mtu. Hadi usajili wa laini ulipoanza mwaka 2010, yeyote angeweza kununua laini kadhaa bila kutaja jina. Na ujumbe wa kura ulitozwa zaidi ya ule wa kawaida. Mwenye pesa za kadi za kukwangua aliweza kupiga kura usiku kucha, huku kijiji kizima pembeni mwa Kimilili au Kiminini, kisicho na umeme wala televisheni, kikikosa hata kumwona mwimbaji. Lugha ilisema umma umeamua. Mashine ilihesabu waliolipa.

Wengine walijaribu kurekebisha. Big Brother Africa, shindano la televisheni lililoanza mwaka 2003, liligeuza wingi wa kura za kila nchi kuwa kura moja, ili nchi kubwa isizimeze ndogo. Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya lililoanza kujaribu kura za simu mwaka 1997, linamzuia mtazamaji kuipigia nchi yake, na mwaka 2009 lilirudisha majaji wagawane uzito na umma katika fainali. Nchini Uingereza, kashfa za simu za kulipia zilimfanya mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, kukitoza kituo cha televisheni cha GMTV faini ya pauni milioni 2 mwaka 2007, baada ya watu kulipia simu ambazo hazikuwa na nafasi yoyote ya kushinda.

Mashindano ya vipaji hayajaisha, na kura sasa hupigwa hata kwa pesa za simu. Wanaoyaandaa Kitale na Bungoma wana mfano karibu nao: wafanye kama jaji wa tamasha la shule. Bei ya kura itajwe kabla ya wimbo wa kwanza, kila laini iwe na kikomo, na idadi ya kura za kila mshiriki isomwe jukwaani pamoja na alama za majaji. Mshiriki atakayenyimwa hesabu hiyo ana haki ya kuidai kabla ya kukabidhiwa maikrofoni.