Barua nane za Tina

Wafanyakazi wa mashirika wameshangaa kwamba kambi nzima inaweza kugombana kwa ajili ya sinema ya mapenzi. Sisi wa pwani hatukushangaa. Ugomvi huu tunao tangu zamani, na naona niandike ulivyoanza, maana waliokuwepo wanapungua.

Sinema yenyewe ni Kuch Kuch Hota Hai ya Karan Johar, iliyotoka India mwaka 1998. Kwetu Palma ilifika kama vilivyofika vitu vingi baada ya vita vya Renamo kwisha mwaka 1992: kwa jahazi kutoka Mtwara, ndani ya mzigo wa mchuuzi, katikati ya sabuni na betri. Kibanda cha video kilikuwa cha makuti, jenereta nje, mabenchi ya mbao ndani, na mlangoni kijana wa kukusanya metikali. Filamu nyingi za kigeni tulizipata zimeshatiwa Kiswahili huko Dar es Salaam, na tuliyempenda kupita wote ni Kapteni Derek Mukandala, yaani Lufufu, aliyesema kwa niaba ya wote, wanaume kwa wanawake, na kuongeza ya kwake. Lakini mkanda huu ulikuja na Kihindi kitupu. Basi kila aliyejidai anakijua alitafsiri kivyake, na nadhani nusu ya ugomvi ilianzia hapo.

Kisa unakijua kabla hakijaanza. Rahul na Anjali ni marafiki wa chuo. Anjali kakata nywele kama mvulana, na mpira wa kikapu anauweza hasa. Anaingia Tina, mrembo, Rahul anamwoa. Tina anafariki baada ya kujifungua, ila kabla ya kufa amemwandikia binti yake barua nane, moja kwa kila siku ya kuzaliwa. Ya nane inamweleza habari za yule rafiki wa zamani wa baba, ili amtafute. Mtoto anamtafuta, mvua inanyesha, watu wanacheza, na mchumba wa Anjali anamwachia Rahul bibi harusi siku ya harusi yenyewe. Saa tatu nzima hizo.

Wazee walisema upuuzi mtupu. Mwanamume gani anamwachia mwenzake bibi harusi, posa imeshapokewa, wageni wamekaa? Mwalimu mmoja wa madrasa, mtu mpole, aliuliza swali moja tu: walii wa msichana yuko wapi? Wavuvi walilalamika kwamba Wahindi wana hadithi moja, wanaibadilisha nguo. Wanawake waliitetea, lakini nao hawakuwa kitu kimoja. Dada zangu wakubwa walimlilia Tina. Wadogo walikasirika kwamba Anjali hakupendwa mpaka alipoacha mpira, akafuga nywele na kuvaa sari. “Mbona alipokuwa anamshinda uwanjani hakumwona?” Hoja hiyo sijaisikia ikijibiwa vizuri mpaka leo.

Msimu ule binti wa jirani yetu alikuwa ameposwa. Akamwambia mama yake, ngoja kwanza. Mama hakumlaumu binti, alikilaumu kibanda, na kibanda kikafungwa wiki mbili.

Wala hatukuwa wa kwanza. Mwanahistoria Laura Fair aliwahoji wazee wa Unguja waliokuwa vijana miaka ya 1950, enzi za Awara ya Raj Kapoor. Wakitoka sinema walijadili kama moyo una haki mbele ya wazazi. Raj Kapoor alikuwa kisingizio. Walichobishania ni nani anamchagulia nani.

Serikali yetu ilikuwa na fikra nyingine. Mwaka 1976, uhuru ukiwa na mwaka mmoja, iliunda Instituto Nacional de Cinema, na habari za Kuxa Kanema zikapelekwa kwa magari mpaka vijijini ili wananchi wajione na wajifunze. Kazi ya heshima. Lakini sinema ya kufundisha haigombanishi mtu. (Hata ile ya kipindupindu mnayotuonyesha kila mara kabla ya filamu. Tumeishika, asanteni.)

Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 vikaingia Palma mjini. Mengine mnayajua.

Sasa sinema imetufuata kambini, kwenye simu na kwenye projekta. Watoto wanaanza kwa kucheka, kwa sababu humo ndani binti anampata Anjali kambini, kambi ya likizo, mlimani Shimla, watoto wamepelekwa kucheza. “Hiyo nayo kambi?” Halafu zinakuja barua, kicheko kinaisha. Hapa kuna watoto ambao mama zao hawakupata muda wa kufunga hata mzigo mmoja, sembuse kuandika barua nane. Baadhi ya walezi wakasema isionyeshwe tena, ni kutonesha kidonda. Ofisi moja ikakubali haraka, ikaiondoa.

Upande wa pili anausemea bibi mmoja anayelea wajukuu watano. Yeye hoja yake si burudani. Anasema watoto hawa wanaishi na mama wadogo, na mashangazi, na wake wapya wa baba zao, na wengi wanaogopa kwamba wakimpenda mlezi wamemsaliti mama. Katika sinema hii mama mwenyewe ndiye anayetoa ruhusa. “Mnataka niwape ruhusa hiyo kwa karatasi ya nani?” Mlezi mwenzake akamjibu: “Tina kafia hospitali, na kalamu alikuwa nayo. Wa kwetu je?” Watu wakanyamaza.

Mimi sinema yenyewe naiona dhaifu. Rahul anahubiri kwamba mtu hupenda mara moja tu, halafu sinema inampa mara mbili bila kumwuliza. Nusu ya pili ingekatwa saa nzima tusingekosa kitu. Lakini niko na bibi. Ionyeshwe, walezi wakae na watoto wao, na asiyetaka wake waone aambiwe siku mapema. Na ofisi isiamue peke yake.

Kikao ni Ijumaa baada ya alasiri, chini ya mkorosho. Kutakuwa na wa kutafsiri Kimakua na Kimakonde. Wa mashirika, njooni mmeshaitazama mpaka mwisho.